Nyekundu Iliyobaki Kijani

Karibu kila programu ya kompyuta yenye madirisha, vitufe na visanduku vya kuandikia imeundwa kwa vipande vilivyokwisha kutengenezwa na watu wengine, ambavyo msanidi programu, yaani mtu anayebuni na kuandika programu, huvipanga kwenye skrini kama seremala anavyofunga bawaba, komeo na vitasa alivyonunua dukani. Kipande cha namna hiyo huitwa kidhibiti, na kila kidhibiti huja na orodha ya sifa zake: upana, kimo, maandishi yanayoonekana juu yake, rangi, na kama kinaonyeshwa au kimefichwa. Msanidi anapotaka kukibadilisha hakivunji na kukiunda upya, bali huandika thamani mpya mbele ya jina la sifa, naye hutarajia kidhibiti kitii. Mwongozo rasmi wa mtengenezaji ndio unaoeleza ni sifa zipi zilizopo na kila moja hufanya nini, na kwa kuwa mara nyingi msanidi hana njia ya kuona yaliyomo ndani ya kidhibiti, mwongozo huo ndiyo hati pekee aliyo nayo mkononi.

Katika hati hiyo zimo sifa ambazo zimeandikwa, zimeelezwa, zinakubali kuwekwa, na hazifanyi chochote. Ili kuelewa jinsi jambo hilo linavyowezekana ni lazima kwanza kutambua kwamba sifa ya kidhibiti, ingawa huonekana kama kitu kimoja, ni vitu viwili vilivyofungwa pamoja: pahali pa kuhifadhi thamani, na kazi inayofanywa kwa kuitumia thamani hiyo. Sehemu ya kwanza ni nyepesi na karibu haiharibiki kamwe, kwa sababu kuhifadhi neno na kulitoa tena linapoulizwa si kazi kubwa kwa kompyuta. Sehemu ya pili hupitia mikono mingi, tangu maktaba ya vidhibiti hadi mfumo endeshi unaosimamia kompyuta nzima, na mmoja wa hao akiacha kuishughulikia, kazi husimama ilhali ghala linaendelea kupokea mzigo. Sifa iliyokufa, kwa maana hiyo, ni ile ambayo ghala lake li wazi na karakana yake imefungwa.

Mfano ulio bayana, na ambao umewasumbua wasanidi kwa zaidi ya miaka 20, ni upau wa maendeleo, yaani ule mstari unaojaa kidogo kidogo wakati faili linanakiliwa au programu inasakinishwa. Katika Windows Forms, maktaba ya vidhibiti ambayo Microsoft iliitoa mwaka 2002 pamoja na toleo la kwanza la mfumo wa .NET, upau huo una sifa iitwayo ForeColor, ambayo maana yake ni rangi ya mbele, yaani rangi ya ile sehemu inayojaa. Msanidi anayetengeneza programu ya ghala la dawa, akitaka upau uwe mwekundu pale akiba inapokaribia kwisha, huchagua nyekundu katika sifa hiyo na kuiendesha programu yake. Hakuna onyo linalotolewa wala kosa linaloripotiwa, dirisha hufunguka kama kawaida, na upau huonekana ukiwa kijani. Iwapo msanidi huyo, kwa kushuku kwamba alikosea kuandika, ataiamuru programu imtajie thamani ya ForeColor kwa wakati huo, programu itamjibu bila kusita kwamba ni nyekundu. Kidhibiti kinakiri kuwa ni chekundu huku kila mwenye macho anaona kijani, na wote wawili, kila mmoja kwa upande wake, wanasema kweli.

Chanzo chake ni badiliko lililofanywa mwaka 2001, Windows XP ilipotolewa. Kabla ya hapo upau ulichorwa na maktaba ya vidhibiti ya Windows yenyewe, ambayo ilijaza vibao vidogo kwa rangi yoyote iliyoagizwa. Windows XP ilileta mandhari, yaani mpango mmoja wa sura unaoamua jinsi vitufe, pau na visanduku vyote vitakavyoonekana, ili programu za watu mbalimbali zifanane machoni mwa mtumiaji. Kazi ya kuchora ikahamishwa kutoka kwa kidhibiti na kukabidhiwa mandhari, na mandhari ya Windows XP yaliuchora upau kwa vibao vya kijani. Ujumbe wa ndani unaopeleka rangi kutoka kwenye sifa ya ForeColor hadi kwenye mfumo endeshi haukufutwa. Hadi leo hutumwa, hupokewa, na kuachwa hapo hapo.

Badiliko hilo halikuwafikia wote kwa siku moja, na hapo ndipo utata ulipozidi. Programu ilipaswa kwanza kutamka kwamba inataka mandhari mapya, na katika toleo la .NET la mwaka 2003 iliongezwa amri ya mstari mmoja ya kufanya hivyo. Mwaka 2005 zana ya kuandikia programu ya Visual Studio ilianza kuuweka mstari huo yenyewe katika kila mradi mpya, hivyo kwamba wasanidi wengi hawakuwahi kuuandika wala kuuamua, waliukuta. Zaidi ya hayo, mtumiaji wa Windows XP, na baadaye wa Windows Vista na Windows 7, aliruhusiwa kurudisha sura ya zamani ya mfumo endeshi akiipendelea, na katika kompyuta ya mtumiaji huyo rangi nyekundu ilitokea kama ilivyoagizwa. Programu ile ile, bila kubadilishwa hata herufi moja, ilikuwa na upau mwekundu katika ofisi moja na upau wa kijani katika ofisi ya jirani, na wafanyakazi wawili waliosimuliana waliyoyaona wangeweza kubishana kutwa nzima. Ubishi wa aina hiyo ulikoma pale Windows 8, iliyotolewa mwaka 2012, ilipoiondoa sura ya zamani, na sifa ikawa imenyamaza karibu kila mahali.

Ingekuwa si haki kusema kwamba Microsoft haikuwa na hoja. Windows Vista ilipotoka mwaka 2007, upau wa maendeleo ulipewa hali tatu: hali ya kawaida ambayo ni kijani, hali ya kusitishwa ambayo ni njano, na hali ya hitilafu ambayo ni nyekundu, na dhana iliyo nyuma yake, kwamba rangi iwe na maana moja katika kompyuta nzima badala ya kuwa pambo la kila msanidi, ni dhana yenye busara. Lakini msanidi wa programu ya ghala la dawa hana hitilafu ya kutangaza. Ana akiba inayokwisha, na ili apate nyekundu yake analazimika kudai kwamba kuna kosa mahali ambapo hakuna. Njia ya pili aliyo nayo ni kukivua mandhari kidhibiti hicho kimoja, ambapo rangi hurudi lakini upau nao hurudia sura ya miaka ya 1990 katikati ya dirisha la kisasa, kama kiraka cha kitambaa kingine. Njia ya tatu ni kuuchora upau wote kwa mkono, na wengi huishia hapo, wakifanya upya kazi ambayo walikuwa wamechukua kidhibiti kilichokamilika ili wasiifanye.

Lenye kustaajabisha zaidi ni kwamba ukweli huu haukufichwa. Katika mwongozo wa tabaka la chini, ule unaoeleza ujumbe wa ndani wa Windows mmoja baada ya mwingine, imeandikwa wazi kwamba ujumbe wa kubadili rangi ya upau hauna athari yoyote pale mandhari yanapotumika. Msanidi wa Windows Forms, hata hivyo, hasomi mwongozo huo. Husoma wa tabaka la juu, ambamo ForeColor huelezwa kwa sentensi moja ya jumla kwamba ni sifa ya kusoma au kuweka rangi ya mbele ya kidhibiti. Sentensi zote mbili ni sahihi, kila moja mahali pake, isipokuwa aliye na haja ya kuonywa hupita penye sentensi isiyo na onyo. Kalenda ndogo ya kuchagulia tarehe, ambayo ni kidhibiti kingine cha maktaba hiyo hiyo, ina kundi zima la sifa za rangi zilizopatwa na mkasa huo huo: rangi ya kichwa, rangi ya maandishi na rangi ya mandharinyuma ya mwezi, ambazo zote huwekwa na hazionekani mandhari yanapowashwa.

Si kila sifa isiyofanya kazi imeuawa na badiliko la baadaye. Nyingine huzaliwa zikiwa hivyo, na sababu yake ni urithi. Katika uandishi wa programu wa siku hizi vidhibiti hupangwa kwa nasaba, ambapo kidhibiti mzazi hukusanya sifa zote zinazodhaniwa kuwa za pamoja, na watoto huzipata bila kuzitaka. Mzazi wa vidhibiti vya Windows Forms ana sifa ya fonti, yaani umbo la herufi, kwa kuwa vidhibiti vingi huandika maneno. Upau wa maendeleo hauandiki neno lolote, lakini umeirithi fonti kama mtoto anayerithi jembe hali hana shamba. Watengenezaji walijaribu kulificha jembe hilo lisionekane katika orodha ambayo msanidi huitazama, lakini hawakuweza kuliondoa, kwa sababu kanuni ya urithi haimruhusu mtoto kukana alichopewa. Barbara Liskov, mwanasayansi wa kompyuta wa Marekani aliyetunukiwa Tuzo ya Turing ya mwaka 2008, alieleza katika hotuba ya mwaka 1987 kwamba mtoto wa nasaba ya namna hii apaswa kuweza kusimama popote mzazi wake anaposimama bila anayemtumia kuhisi tofauti. Upau unaopokea fonti na kuitupa hausababishi ajali, lakini kwa kipimo hicho hausimami pale mzazi wake anaposimama.

Desturi ya kuwa na sifa zisizofanya kazi ni ya zamani kuliko Windows Forms. Visual Basic, iliyotolewa mwaka 1991 na kuwafungulia mlango wa uandishi wa programu watu wengi ambao hawakuwa wamesomea taaluma hiyo, ilikuwa na kisanduku cha sifa kwenye skrini, ambamo kubadili rangi ya kidhibiti kulikuwa kuchagua tu kutoka kwenye orodha. Katika toleo lake la 6, la mwaka 1998, kitufe cha kawaida kilikuwa na sifa ya rangi ya nyuma iliyokaa kimya mpaka sifa nyingine kabisa, ile ya mtindo, ibadilishwe na kuwa ya kipicha. Wengi waliolijua hilo walilijua kwa kuambiwa na wenzao.

Kuhusu swali la kwa nini sifa hizi haziondolewi, jibu liko katika programu ambazo tayari zimeandikwa. Programu yoyote iliyowahi kuitaja ForeColor ya upau, hata kama haikupata faida yoyote kutokana na kuitaja, itakataa kujengwa upya siku jina hilo litakapofutwa, na mtengenezaji wa mfumo ambao mashirika na serikali hujenga juu yake kazi zao huogopa kuvunja programu ya mteja kuliko anavyoogopa kubaki na jina lisilo na kazi. Kinachokosekana ni hatua ya katikati, kwa mfano onyo wakati programu inajengwa, ambalo lingeiacha programu ya zamani iendelee na kumwambia msanidi mpya asipoteze mchana wake.

Mambo hubadilika sura pale sifa inapozimwa kwa makusudi. Kurasa za wavuti zina sifa iitwayo autocomplete, ambayo Microsoft iliileta na kivinjari cha Internet Explorer 5 mwaka 1999, na ambayo mwenye tovuti akiiwekea thamani ya kuzima humaanisha kwamba kivinjari kisihifadhi wala kujaza chenyewe yaliyoandikwa katika kisanduku fulani. Benki ziliipenda sana, zikaiweka kwenye visanduku vya nywila. Watengenezaji wa vivinjari walifikia uamuzi kwamba katazo hilo linawadhuru watu, kwa kuwa mtu asiyeruhusiwa kuhifadhi nywila huchagua iliyo fupi na kuirudia kila mahali, na hivyo Internet Explorer 11 ya mwaka 2013, Chrome 34 ya mwaka 2014 na Firefox 38 ya mwaka 2015 zikaanza kulipuuza kwa nywila. Sifa haikufutwa katika viwango vya wavuti, na wenye tovuti waliendelea kuiandika. Hoja ya vivinjari ni nzito, ila imejengwa juu ya dhana kwamba kila kompyuta ina mwenyewe. Katika mikahawa ya intaneti ya Dar es Salaam au Kampala, au saiba kama zinavyoitwa Kenya, ambako watu wengi hupokezana kiti kimoja kwa siku moja, katazo la benki lilikuwa likimlinda mteja aliyeondoka kwa haraka dhidi ya aliyekaa baada yake. Na ingawa kivinjari huuliza kabla ya kuhifadhi, aliyezoea kubonyeza ndiyo kwa kila kinachojitokeza hakulindwa na swali hilo.

Hatima ya kuvutia zaidi ni ya mpangilio uliojulikana kama Do Not Track, maana yake ombi la kutofuatiliwa. Ulipendekezwa mwaka 2009, ukawekwa katika Firefox mwaka 2011, na namna yake ya kufanya kazi ilikuwa rahisi mno: mtumiaji hutia alama katika kisanduku kimoja, na tangu hapo kivinjari chake hupeleka, pamoja na kila ombi la kufungua ukurasa, tarakimu 1 yenye kumaanisha kwamba mtu huyu hataki nyendo zake zikusanywe. Kivinjari kilitimiza wajibu wake kikamilifu, na tarakimu ilifika, lakini hapakuwa na sheria iliyomlazimisha aliyeipokea kuiheshimu. Mwaka 2012 Microsoft iliuwasha mpangilio huo tangu mwanzo katika Internet Explorer 10, na wapinzani wa mpangilio wakapata kisingizio kwamba alama isiyowekwa na mtu mwenyewe haielezi matakwa ya mtu yeyote. Jimbo la California lilitunga sheria iliyoanza kutumika mwaka 2014, ambayo haikuwataka wenye tovuti kulitii ombi bali kueleza tu wanalishughulikiaje, na kwa hiyo sera nyingi za faragha zikapata aya mpya yenye kutangaza kwa adabu kwamba tovuti hailishughulikii. Kikundi cha shirika la viwango vya wavuti, W3C, kilichokuwa kikiandaa kanuni zake kilifungwa mwaka 2019. Mwaka huo huo Apple iliuondoa mpangilio katika kivinjari chake cha Safari kwa sababu tarakimu ile, iliyokusudiwa kumficha mtu, ilikuwa imegeuka kuwa alama moja zaidi ya kumtambulisha miongoni mwa wengine. Firefox nayo iliuondoa mwaka 2025. Mrithi wake, uitwao Global Privacy Control, hupeleka ishara inayofanana sana na ile ya kwanza. Tofauti ni kwamba California huihesabu ishara hii kuwa agizo lenye nguvu ya sheria, na mwaka 2022 kampuni ya vipodozi ya Sephora ilikubali kulipa dola milioni 1.2 katika shauri ambalo mojawapo ya madai yake lilikuwa kutoiheshimu.

Wasomaji wa Kiswahili wanayo sifa nyingine ya kuangalia, iliyo karibu zaidi na macho yao. Lugha ya CSS, inayotumika kupanga sura ya kurasa za wavuti, ina sifa iitwayo hyphens, ambayo huagiza maneno marefu yakatwe kwa kistari mwishoni mwa mstari. Kiswahili kinaihitaji kuliko lugha nyingi, kwa kuwa kitenzi kimoja kama *walivyowasimulia* huweza kuchukua nusu ya upana wa ukurasa kwenye simu, na safu iliyonyooshwa pande zote mbili hubaki na mapengo kama meno yaliyong'oka. Kiwango chenyewe, hata hivyo, hukiruhusu kivinjari kukata maneno ya lugha ile tu ambayo kina kanuni za kuikata. Pasipo kanuni hizo sifa hukubaliwa, huhifadhiwa, na hakuna neno linalokatwa. Jambo hilo linasikitisha hasa kwa sababu silabi za Kiswahili karibu zote huishia kwa irabu, na kanuni za kuikata lugha hii zingeenea katika mistari michache kuliko zile za Kiingereza, ambazo huhitaji orodha ndefu ya vighairi.

Tatizo la sifa zilizokufa huponyoka hata kwenye ukaguzi wa kawaida wa programu. Wasanidi makini huandika majaribio ya kiotomatiki, yaani programu ndogo ambazo kazi yake ni kuijaribu programu kubwa kila inapobadilishwa, na jaribio la kawaida la sifa huwa na hatua mbili: kuweka thamani, kisha kuisoma na kuhakikisha kuwa ni ile ile. Kwa upau wa maendeleo jaribio hilo hufaulu mara zote, kwa kuwa hugonga mlango wa ghala na kamwe haliendi karakana. Jaribio lenye maana lingepaswa kupiga picha ya dirisha, kuchukua nukta moja ya picha hiyo katikati ya sehemu iliyojaa, na kupima kiasi cha nyekundu, kijani na buluu kilichomo ndani yake.